Ati Sinema Ni Kitabu Kile Kile?

Nataka kujibu neno moja lililosemwa mbele yangu, nami siku ile nikashindwa kulijibu. Neno lenyewe ni hili: "Sinema ni kitabu kile kile, ila chamalizika kwa saa mbili." Lilisemwa katika kikao cha wazazi wa shule yetu, na wengi waliohudhuria wakalipigia makofi. Mimi nilinyamaza, si kwa kuwa nilikubali, bali kwa kuwa hasira ilinitangulia, na mtu aliyetanguliwa na hasira heri afunge kinywa chake. Sasa hasira imepoa na hoja zimebaki, nami nataka kuziweka mbele ya wasomaji wazipime.

Niseme kwanza jinsi jambo lilivyoanza. Kila Ijumaa, kipindi cha mwisho, huwasomea watoto wa darasa la sita kitabu cha hadithi. Mwaka huu niliwasomea Mashimo ya Mfalme Sulemani, hadithi aliyoitunga Mwingereza H. Rider Haggard mwaka 1885, ikafasiriwa kwa Kiswahili na Frederick Johnson mwaka 1929. Nakala yangu niliirithi kwa marehemu baba. Haina jalada, na kurasa zake za mwisho zimeshonwa kwa uzi wa gunia. Tulipofika katikati niliwapa watoto maswali ya kuandika, na swali la kwanza lilikuwa jepesi kabisa: Ni nani aliyetoka kwenda kumtafuta nani? Kila aliyekuwa akisikiliza alijua ya kuwa Sir Henry Curtis alikwenda kumtafuta ndugu yake aliyepotea. Lakini mtoto mmoja, tena si mjinga, aliandika ya kuwa bibi mmoja wa Kizungu alitoka kwenda kumtafuta mumewe. Nikamtia alama ya kosa. Kesho yake asubuhi akaja baba yake.

"Mwalimu," akasema baada ya kujuliana hali, "mwanangu umemwonea. Hadithi hiyo ameiona kwa macho yake katika kibanda cha video, nami nilikuwa naye. Bibi yule tumemwona sote. Anamtafuta mumewe."

"Mzee wangu," nikamjibu, "sikatai mliyoyaona. Lakini mimi niliuliza habari za kitabu."

"Kwani si kile kile?"

Nilijaribu kumweleza, akaniona kama mtu abishanaye na jua. Na majuma mawili baadaye mzee huyo huyo alisimama kikaoni, akashauri ya kuwa fedha za mahindi ya shamba la shule, ambazo tulikusudia kununulia vitabu vya maktaba, zinunue televisheni kubwa pamoja na hadithi za vitabu zilizokwisha kutiwa katika sinema. Asema watoto wote mia mbili watatazama kwa mara moja, hali kitabu kimoja husomwa na mtoto mmoja. Yeye ni mtu mwema, apenda elimu, na watoto wake wote wanasoma. Ndiyo maana neno lake lina nguvu, na ndiyo maana nalipinga kwa wino.

Wasomaji wapenzi, wengi wetu twadhani ya kuwa kugeuza kitabu kuwa sinema ni kama kumimina maji kutoka mtungini kutia kibuyuni: maji ni yale yale, kilichobadilika ni chombo. Sivyo. Ni kama kuchukua mti uliosimama ukauchonga mtumbwi. Mti ni ule ule, hilo hakuna alikanaye. Lakini hauna tena majani wala mizizi wala kivuli, na aliyeuchonga alikuwa na safari yake moyoni alipoinua shoka.

Kazi yenyewe huanza kwa mtu aliyeketi na kitabu na kalamu ya kukatia. Watu wa kazi hiyo huhesabu ukurasa mmoja wa mswada wao kuwa ni dakika moja ya sinema, kwa makisio. Basi sinema ya dakika mia ina mswada wa kurasa kama mia, tena si kurasa zilizojaa kama za kitabu, bali zina nafasi tupu nyingi, maana ni maneno ya wachezaji na maelezo mafupi ya mahali. Kitabu cha kurasa mia tatu kitaingiaje humo? Hakiingii. Lazima mtu akate. Safari ya majuma mengi huwa ni watu wanne kupita chini ya mlima, na watu wawili wa kitabuni huunganishwa wakawa mtu mmoja. Shangazi aliyekuwa na maneno yote ya busara hupotea, wala hakuna amliliaye.

Na liko jambo gumu kuliko kukata, nalo ni hili neno dogo "mimi." Katika Mashimo msimulizi ni Allan Quatermain mwenyewe, mwindaji mzee wa Durban. Yeye asema waziwazi ya kuwa si shujaa, ajicheka, ajuta, na kila kitu twakiona kwa jicho lake, hata mara nyingine twatambua ya kuwa jicho lake limekosea. Kamera haina "mimi." Aliyekuwa akisimulia huwa mtu mmoja miongoni mwa wengine, nasi twamtazama kwa nje kama tumtazamavyo mpita njia. Katika sinema ya mwaka 1950 mzee yule, mwoga kwa ushahidi wa kinywa chake, aligeuka kuwa Stewart Granger, mtu mrefu, mzuri wa sura, asiyeogopa ndovu. Je, huyo ni yule?

Tena fikirini neno kama hili: "Kila jioni alikwenda kisimani, akimkumbuka mama yake." Mtunga kitabu huliandika kwa mstari mmoja akaendelea. Mtengeneza sinema hana "kila jioni". Ana jioni moja tu, ile aliyoipiga picha. Wala hana "akimkumbuka," maana moyo haupigwi picha. Itampasa abuni kitu cha kuonekana, labda kanga ya zamani, au wimbo ulioimbwa na marehemu. Kitu hicho hakikuwamo kitabuni, amekileta yeye. Sasa mtu huyu aliyekata, akaunganisha, akabuni, mwaniambia ametupa kitabu kile kile?

Wahenga walisema kila mwamba ngozi huivutia kwake. Nami sina ugomvi na mwamba ngozi kwa kuivuta, maana ngozi isiyovutwa haiwi ngoma. Ugomvi wangu ni pale aivutapo mpaka ikapasuka, kisha akatuambia ng'ombe alizaliwa na tundu.

Hebu tuirudie hadithi hii hii ya Mashimo, kwa kuwa ndiyo iliyoleta mashauri. Ilitengenezwa sinema Uingereza mwaka 1937, ikatengenezwa tena na Wamarekani mwaka 1950, na mara nyingine mwaka 1985. (Ziko nyingine, lakini hizo tatu zatosha.) Katika kitabu, Quatermain asema mapema kabisa ya kuwa katika habari yake yote hamna wanawake ila wawili: Foulata na Gagool. Wote wawili ni Waafrika. Gagool ni kizee mchawi mwenye miaka isiyohesabika. Foulata ni msichana aliyeponea chupuchupu kuuawa kwa amri ya mfalme Twala, akamwuguza Kapteni Good alipokuwa mahututi, akampenda, na Good naye akampenda. Mwisho, ndani ya pango la hazina, Foulata ndiye aliyemkamata Gagool asitoroke, akachomwa kisu, akafa. Lau si yeye, kizee yule angalitoka salama na kuwaacha wenziwe wamefungiwa kaburini.

Sasa tazameni. Mwaka 1937 alitiwa bibi wa Kizungu amtafutaye baba yake. Mwaka 1950 alitiwa bibi wa Kizungu amtafutaye mumewe, naye ndiye aliyemponza mwanafunzi wangu. Mwaka 1985 alitiwa tena bibi wa Kizungu amtafutaye baba yake. Na Foulata? Hayumo. Mara tatu, katika miaka arobaini na minane, watengenezaji watatu mbalimbali walikifungua kitabu kile, wakamkuta msichana Mwafrika mwenye moyo na ushujaa, wakamtoa. Kisha wakaandaa kiti chake, wakamketisha mwanamke ambaye mtunzi hakumjua wala hakumtaka. Mara moja ningesema ni bahati mbaya. Mara tatu ni nia.

Watetezi wao husema, "Sinema ni biashara, na watu hawaingii pasipo mapenzi." Nasema, mapenzi yalikuwamo! Good na Foulata walikuwa wakingoja tangu 1885. Jambo ni kwamba mapenzi yale yalikuwa ya mtu mweupe na mtu mweusi. Na hapa niwape wasomaji habari ambayo wengi hawaijui. Makampuni makubwa ya sinema ya Marekani yalijiwekea kanuni za maadili, ambazo zilishurutishwa kwa nguvu tangu mwaka 1934, na mojawapo ilikataza kabisa kuonyesha mapenzi baina ya mweupe na mweusi. Kanuni hiyo iliwekwa sawa na makatazo ya uchafu na uhalifu. Ilidumu mpaka 1956. Basi mwandishi wa mswada wa mwaka 1950, bibi Helen Deutsch, hata kama angalimpenda Foulata kama mwanawe, angalimtia wapi? Lakini mwaka 1985 kanuni ilikuwa imekufa kitambo, wala Foulata hakurudi. Sheria ilikufa, mazoea yakabaki yakila na kunywa.

Najua kuna atakayeniambia, "Mwalimu, wamtetea Haggard, naye alikuwa mtu wa dola ile ile!" Simtetei. Haggard alimwumba Foulata, kisha akamwua, tena akamtia kinywani, alipokuwa akikata roho, maneno ya kukubali ya kuwa afadhali afe kuliko kuolewa na mtu mweupe. Na Quatermain akaona ya kuwa kifo kile kimeondoa matata. Ni jambo la aibu kulisoma. Ninapofika hapo mbele ya watoto huweka kitabu chini, nikawauliza: Kwa nini mtunzi hakumwacha aishi? Na watoto, Bwana Mtengenezaji, hujibu vizuri kuliko sisi. Hiyo ndiyo faida ya kitabu hata katika ubaya wake: kosa la mtunzi limo humo, limeandikwa, twaweza kuliwekea kidole. Haggard alikosa moyo wa kumwacha msichana yule aishi. Wenye sinema walikosa hata moyo wa kumwacha azaliwe. Na mtu asiyezaliwa hakuna amwuliziaye.

Wala sisemi ya kuwa kila walichobadili kilikuwa kiovu. Kwa haki yao, niseme hili. Katika kitabu, Ignosi, mfalme wa haki aliyekuja amejificha kwa jina la Umbopa kama mtumishi, apata ufalme wake. Lakini Twala mnyang'anyi auawa na Sir Henry kwa mkono wake. Yaani Mwafrika apata kiti chake kwa shoka la Mzungu. Sinema ya 1950 ilibadili: Umbopa mwenyewe apigana na Twala mtu kwa mtu, akamshinda. Nilipoliona nililipigia makofi peke yangu pale kibandani, watu wakanigeukia. Badiliko lile ni bora kuliko asili yake. Na sinema hiyo, iliyopigwa katika nchi zetu hizi za Kenya, Tanganyika, Uganda, Kongo na Ruanda, yasikika ndani yake Kiswahili chetu, na picha zake za wanyama na mito zilipata tuzo ya Oscar kwa haki. Lakini neno langu lasimama pale pale. Kama badiliko baya ni badiliko na badiliko zuri ni badiliko, basi kile si kitabu kile kile, na atakaye kukijua kitabu hana budi kukisoma.

Liko kundi la pili, nalo lina walimu wenzangu wengi, wasemao, "Basi dawa ni moja: sinema isibadili hata neno." Hawa nao wamekosea. Nitawapa mfano ambao kila msomaji wa gazeti hili aujua. Mwaka 1979 ilitolewa sinema iitwayo Jesus, iliyofuata Injili ya Luka kwa uangalifu mkubwa, na ambayo imetiwa maneno ya lugha zaidi ya elfu moja, Kiswahili kikiwamo. Imeonyeshwa vijijini kwa shuka jeupe na jenereta, na wengi wenu mliketi nyasini mkaitazama. Hakuna sinema iliyojitahidi kufuata kitabu kuliko hiyo. Walakini Luka hakutupa hata neno moja la uso wa Bwana wetu, wala urefu wake, wala sauti yake. Sinema haiwezi kuonyesha mtu asiye na uso. Ikawapasa wachague, wakamchagua mchezaji Mwingereza, Brian Deacon. Leo nikiwauliza watoto wa shule ya Jumapili wamchore Yesu, wamchora yule. Kabla ya hapo kila mtoto alimchora wake. Siwalaumu waliotengeneza, maana hawakuwa na njia. Nasema tu ya kuwa hata mwaminifu kupita wote aliongeza kitu kikubwa, wala hakuweza kutokuongeza.

Kwa hiyo haifai kuuliza, "Je, amebadili?" Amebadili, hana hiari. Ulizeni: amebadili nini, na kwa ajili ya nani? Hapo ndipo nimletapo Msenegali mmoja, Ousmane Sembène.

Sembène alizaliwa Ziguinchor mwaka 1923. Alikuwa mpakizi wa mizigo katika bandari ya Marseille kabla hajawa mtunzi, na vitabu vyake aliviandika kwa Kifaransa. Vilisifiwa. Lakini aliporudi kwao aliona jambo lililomwuma: watu aliowaandika hawakuweza kumsoma. Mama mwuza samaki, kinyozi, mzee asiye na kazi, wote walikuwamo vitabuni mwake, na vitabu vyenyewe vilikuwa vimefungwa kwao kama sanduku la bwana harusi. Akiwa mtu mzima, karibu miaka arobaini, alikwenda Moscow kujifunza kazi ya sinema, akarudi akaanza kuvigeuza vitabu vyake mwenyewe.

Mojawapo ni hadithi ya hundi ya posta. Mzee mmoja wa Dakar, Ibrahima Dieng, mwenye wake wawili na asiye na kazi, aletewa hundi ya faranga 25,000 na mpwawe afagiaye njia huko Paris. Sehemu kubwa si yake, ni amana. Lakini posta yataka cheti cha kumtambulisha. Cheti chataka hati ya kuzaliwa na picha. Hati ya kuzaliwa yataka tarehe ambayo mzee haijui. Huku nyuma habari zimekwisha kuenea, majirani waja kukopa, duka ladai, na mwisho ndugu aliyesoma, mwenye suti na gari, amsaidia mzee kwa kumwibia zote. Nani kati yetu hamjui Dieng? Mimi nimemwona juzi katika foleni ya ofisi fulani, ameshika bahasha yake kwa mikono miwili.

Sembène alipoifanya hadithi hii sinema mwaka 1968 alibadili jambo kubwa kuliko mengine yote: lugha. Kitabu kilikuwa cha Kifaransa. Sinema, iitwayo Mandabi, watu wake wasema Kiwolofu. Waliompa fedha huko Ufaransa walitaka Kifaransa, akapiga pia ile ya Kifaransa ili kuwaridhisha. Lakini ile ya Kiwolofu ndiyo iliyoishi, na mwaka ule ule ikapata tuzo mjini Venice. Hapo wake wa Dieng waligombana kwa maneno ambayo wangaligombana nayo nyumbani kweli. Watu wa Dakar waliokuwa hawawezi kusoma ukurasa mmoja wa kitabu chake walijiona na kujisikia. Huyu naye aliamba ngozi, akaivutia kwake. Lakini kwake kulikuwa ni kwa watu wale wale wenye ng'ombe. Wenzake wa Mashimo walifungua hadithi ya Afrika wakamtoa Mwafrika ili mtazamaji wa mbali asikwazwe. Yeye alifungua hadithi yake iliyofungwa kwa lugha ya kigeni, akawaingiza ndani wenyewe waliosimuliwa. Kazi ni moja, shoka ni lile lile, na mitumbwi hiyo miwili yaelekea pande mbalimbali za mto.

Na tusidhani jambo hili ni la Dakar na Marekani tu. Katika vibanda vyetu, vile ambavyo vijana huviita vibanda umiza, wako wale wasimulizi wanaotia Kiswahili juu ya sinema za kigeni. Wenye elimu huwacheka. Mimi nimewasikiliza kwa makini, na nasema wao ni wageuzaji wa namna yake. Mchina aliyenyamaza hupewa methali. Askari wa Marekani husemwa atoka mtaa fulani wa Dar es Salaam. Palipo na jambo lisiloeleweka msimulizi hulieleza, na asipolielewa yeye mwenyewe hulibuni. Mara nyingine uongo wake wapendeza kuliko sinema yenyewe. Lakini hakuna atokaye kibandani akidai amejifunza Kichina. Basi kwa nini atokaye kwenye Mashimo adai amesoma Haggard?

Sasa nirudi kwenye mahindi yetu. Mzee yule asema televisheni hutazamwa na watoto mia mbili kwa mara moja. Ni kweli. Nami naongeza: watoto mia mbili watamwona Quatermain mmoja, bibi mmoja, na hakuna Foulata. Lakini nilipokuwa nikisoma kwa sauti katika darasa la watoto arobaini na watano, walikuwamo Foulata arobaini na watano, kila mmoja ana uso wa mtu ambaye mtoto yule amjua. Asema pia sinema huokoa wakati. Wakati huo waokolewa ufanyiwe nini? Mtoto aliyesoma kurasa mia tatu amejua maneno ambayo hakuyajua, amejifunza kungoja, amejifunza kurudi nyuma ukurasa mmoja alipopotea. Sinema haimngojei mtu. Ukipotea umepotea, na mwenzio akikuuliza wajifanya umeelewa.

Sikatai televisheni. Mwaka shamba likizaa vizuri, na inunuliwe, nami nitakuwa wa kwanza kuleta kiti changu. Lakini na ije baada ya vitabu, na iwekwe kando ya vitabu, ili watoto watazame hali wakijua la kuulizia. Kuleta sinema kwanza na kusema kitabu kimekwisha kuja ni kumvisha mtoto kivuli cha shati.

Yule mwanafunzi niliyemtia alama ya kosa sikumfutia alama ile, maana swali lilikuwa la kitabu. Lakini nilimkopesha nakala ya baba yangu, ile ya uzi wa gunia, nikamwambia asome kuanzia mwanzo, kisha aniletee orodha ya mambo aliyoyaona kibandani na ambayo hakuyakuta humo, na aliyoyakuta humo ambayo hakuyaona. Alikaa nayo majuma matatu. Jumatatu iliyopita alikuja mlangoni kwangu mapema, akaamkia, akanipa karatasi mbili zilizojaa pande zote. Chini kabisa aliandika: "Mwalimu, yule msichana wamempeleka wapi?" Nilimwomba ruhusa nimwonyeshe baba yake karatasi ile. Akasema baba amekwisha kuisoma, na kwamba usiku ule walibishana mpaka taa ikazimika.

Kikao cha wazazi kitaketi tena mwisho wa mwezi ujao. Nimeomba dakika ishirini, nami nitaisoma karatasi ile kwanza kabla ya kusema neno langu lolote. Na kama yupo msomaji mwenye nakala ya zamani ya Mashimo ya Mfalme Sulemani iliyokaa sandukuni bure, hata ikiwa imeliwa na mende pembeni, naomba anijulishe kwa mkono wa gazeti hili. Nakala moja kwa darasa la watoto arobaini na watano haitoshi, na uzi wangu wa gunia wakaribia kwisha.